Kaniki Ukumbini

22 Novemba 1952

Lori la sinema limerudi leo kutoka njia ya Urambo likiwa na matope mpaka juu ya paa. Shemeji yangu Selemani, ambaye ndiye dereva na ndiye mwendesha mashine ya kuonyesha picha, ameteremka humo hatambuliki. Mvua zimeanza kweli. Bwana wa ofisi amesema hakuna safari za vijijini mpaka barabara zikauke, na kwa kuwa stoo yao inavuja, mashine ikae kwetu Gongoni, chini ya bati zima. Kwa hiyo tuna mgeni wa chuma ukumbini, amefunikwa kanga yangu mpya. Hakuna aliyeniuliza.

25 Novemba

Chokaa. Maulidi imekaribia na Mama mkwe anataka kuta ziwe nyeupe pe. Mikono inaniwaka.

26 Novemba

Sakafu. Nta, matambara, magoti. Mama mkwe anapita nyuma yangu: "Hapo hujapaona." Bi Mwanamkuu huyu! Angekuwa askari wa gereza wafungwa wangeomba wahamishwe. Masinia ya shaba nayo nimeyasugua kwa ndimu na jivu mpaka nikajiona meno.

29 Novemba

Sijui niandike nini kwanza. Selemani amenifuata jikoni, akainama kama anatafuta chumvi, akaninong'oneza: "Shemeji, kuna mkanda wa zamani kwenye sanduku. Askari wanapanda treni hapa Tabora, wakati wa vita. Nadhani Kaka yumo."

Nikamwuliza, unadhani, au yumo? Akasema nyuso zinapita mbio, na huko vijijini upepo unatikisa shuka, hajapata kutazama vizuri. "Lakini usimwambie Mama," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Kaka anayemsema ni Mussa, mume wangu. Alikwenda Burma na jeshi. Ikaja barua kwamba hajulikani alipo, na tangu hapo hajajulikana. Vita viliisha, wenzake wakarudi, wengine na baiskeli, wengine na magongo. Shehe ameshasema mara mbili kwamba miaka imetosha, nikitaka nifunguliwe ndoa nitafunguliwa, mradi mama mzazi akubali mwanawe aombewe kama marehemu. Mama hakubali. "Hajulikani siyo amekufa," husema, na hapo mazungumzo yameisha. Hapakutandikwa jamvi, hapakusomwa hitima. Ningeweza kwenda kwa kadhi bila yeye, najua. Ila huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu aliponiacha mikononi mwake, na sina moyo wa kumpita mlangoni nikiwa na shauri hilo.

Basi mimi ni mke wa nani? Si mjane, si mwenye mume. Nikienda harusini sijui nikae na kundi gani.

Mama amesema neno moja tu leo: "Nataka nimwone."

2 Desemba

Maulidi imepita salama. Pilau iliungua kidogo chini. Watu walisifia nyumba inavyong'aa.

4 Desemba

Loo, leo!

Baada ya magharibi Selemani alifunga madirisha yote, akavuta waya kutoka kwenye lori lililokuwa linanguruma nje, akapigilia shuka jeupe ukutani. Mama alikaa mbele kabisa juu ya kiti cha mninga, amevaa kama anakwenda kupokea mgeni stesheni. Mimi nikakaa nyuma yake. Nilikuwa na hamu na nilikuwa na hofu.

Mashine ikawaka. Mungu wangu! Picha ilikuwa shukani, ni kweli, lakini ilikuwa pia kila mahali. Chumba kizima kiliwaka. Chokaa yangu, ile iliyoniunguza mikono, ilikuwa inang'aa huku na huku mpaka ungeweza kuchambua mchele. Sakafuni askari walikuwa wanatembea miguu juu. Sinia la shaba lililokuwa juu ya rafu lilirusha doa la mwanga katikati ya shuka, pale pale kwenye vichwa vya watu. Na kwenye vioo vya kabati kulikuwa na jeshi jingine zima, dogo, linakwenda upande wa pili.

Nikamwona Mama amegeuza shingo, haangalii shuka tena, anaangalia kabati.

"Selemani," akasema. "Hawa wa huku ndio wanarudi?"

Sikujua nicheke au nilie. Selemani akasema, "Hapana, Mama, hao ni mwanga tu. Tazama mbele, anapita sasa hivi." Mama akageuka mbele, lakini kilichokuwa mbele ni nyuso zimepauka kama uji uliozidi maji. Kofia ziko, bunduki ziko, nyuso hazipo. Mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga gurudumuni.

Selemani akaeleza. Mwanga ukigonga shuka hauishii pale, unarukia ukutani na darini, na ukuta mweupe unaurudisha tena shukani, ndiyo maana pale panapotakiwa kuwa peusi panakuwa maji ya kijivu. "Kila kinachong'aa humu ndani kinatuharibia picha," akasema.

Mama akanigeukia: "Nani alipaka chokaa?"

Wallahi, alisema hivyo. Nani alipaka chokaa!

5 Desemba

Sisemi naye. Yeye hajagundua.

9 Desemba

Selemani anasema mkanda umechakaa, umeshaungwa mara nyingi, hauwezi kupitishwa kila siku. Kwanza tuutengeneze ukumbi, ndipo tuangalie tena. Mama ameyatoa masinia mwenyewe na kuyafungia ghalani. Yale masinia ambayo mtu haruhusiwi kuyashika bila ndimu!

15 Desemba

Mvua usiku na mchana. Tulijaribu kwa mkanda mwingine, wa namna ya kuchimba choo, tuone tu mwanga unavyokwenda. Bila masinia doa limeondoka. Kabati bado. Sakafu bado. Mwenye kuchimba choo alikuwa anachimba huku chini pia, kichwa chini miguu juu. Mama akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu sijui lini, na mimi nikacheka kwa sababu yake, kisha nikakumbuka kwamba nimemkasirikia.

18 Desemba

Shomari seremala amekuja kupima dari. Selemani ndiye aliyemwita, mimi simo.

Niandike hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine: huyu Shomari alimtuma shangazi yake kwangu kuniposa kabla ya Ramadhani. Sikujibu ndiyo, sikujibu hapana. Ningejibu nini? Ni mtu mzima, mpole, mke wake alifariki, na akicheka anafunika mdomo. Leo alisimama juu ya ngazi akasema dari lipakwe masizi yaliyochanganywa na gundi, likikauka halitarudisha mwanga hata kidogo. Alikuwa anaongea na Selemani ila muda wote wa maelezo alinitazama mimi.

Alipoondoka Mama akasema, "Seremala huyu anapima dari kwa kutazama chini." Nikajifanya sijasikia. Nilidhani mama huyu haoni kitu. Sasa sijui anaona nini, na akiona anataka nifanye nini.

27 Desemba

Masizi. Nimekwangua kila sufuria na kila chungu cha jirani. Nimekuwa mweusi mpaka ndani ya pua.

30 Desemba

Dari tayari. Linadondosha.

3 Januari 1953

Nimeota Mussa amesimama ukumbini anauliza kwa nini dari ni jeusi. Nikamjibu, ili tukuone. Akasema, mimi si niko hapa? Nimeamka nikiwa na hasira naye. Hasira, ndiyo. Mtu akiondoka aage vizuri au arudi.

7 Januari

Habari mbaya. Ofisi imepata simu kwamba mikanda yote ya vita irudishwe Dar es Salaam kwa treni ya Jumatatu. Selemani anasema ikifika huko haitarudi tena. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo mara ya mwisho. Mama alisikiliza, akauliza, "Kuta zitakuwa nyeusi?" Selemani akasema hatuwezi kupaka masizi ukutani, watu wataegemea na kuchafuka. Kaniki, basi, zile nguo nyeusi. Tutundike kaniki kuta zote, tutoe kabati na viti nje, na sakafu tuifunike majamvi tukae chini.

"Tatu ataazima," akasema Mama. Tatu ndiye mimi. Bila shaka.

9 Januari

Nimezunguka mtaa mzima nikiazima kaniki na majamvi, na watu leo wamekuwa na jambo. Koleta, jirani yetu Mkatoliki anayeuza karanga, alinipa kaniki mbili kabla sijamaliza sentensi, akanishika mkono muda mrefu. "Pole, dada," akasema. Nikasema nimeshapoa, nikidhani ananihurumia mzigo. Kwa mzee Mahona nilipoomba jamvi moja walinipa yote waliyonayo, na mkewe akasema, "Tutakuja kesho, tukijaliwa." Nikajiuliza, waje wapi? Labda Selemani amealika watu kwenye sinema bila kuniambia. Ingekuwa kawaida yake.

Nimechoka, sielewi, nalala.

10 Januari

Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, hata kama sielewi yalivyokuwa.

Asubuhi tulitoa kila kitu nje: kabati, viti, meza, vikawekwa barazani chini ya turubai. Kioo kikubwa kilichoshindikana kung'olewa tulikifunika kaniki. Tukatundika nyeusi kuta zote nne, tukatandika majamvi toka pembe hadi pembe. Selemani akaenda kutafuta petroli. Mimi nikapanda ngazi kupaka tena dari palipobanduka, masizi yakanimwagikia kichwani na usoni, na kilemba kikanifunguka. Nilikuwa jikoni natafuta maji nilipomsikia Koleta mlangoni akipiga yowe.

Yowe lenyewe, lile la msiba.

Nikatoka mbio. Hebu fikiria alichokiona: viti nje, kioo kimefunikwa, kaniki ukutani, majamvi chini, na mimi natokea nimefungua nywele, nimejaa masizi usoni. Akanirukia, akanikumbatia. "Jamani Mussa! Jamani Mussa wetu! Mmeletewa habari!" Nyuma yake mke wa mzee Mahona na kapu la unga. Nyuma yake wengine. Mtaa mzima ulikuwa umepiga hesabu tangu jana. Mwanamke anayezunguka kuomba majamvi na kaniki Gongoni hapa, unadhani anataka nini? Sinema?

Nikafungua mdomo niseme hakuna msiba. Nikasema, "Koleta, sikiliza, ni kwa ajili ya picha." Akanijibu huku analia, "Ndiyo mama, lia, lia." Wakanikalisha pembeni, wakanizunguka. Kila aliyeingia alinishika mabega: pole, pole sana, Mungu akupe subira. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia pole kwa ajili ya Mussa, maana pole ya nini, mtu hajulikani tu alipo. Nikaanza kulia. Sikuigiza. Nililia mpaka nikasikia uchungu mbavuni, na ndani ya kilio najiambia, Tatu, mwambie hakuna msiba, na mdomo haunyanyuki.

Wanaume wakakaa barazani kati ya viti vyetu wenyewe. Shomari alikuwemo, ameinamisha kichwa.

Selemani alirudi na debe la petroli akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. "Nani amekufa?" akauliza. Watu wakazidi kulia.

Ndipo Mama akatoka chumbani. Nilifunga macho. Nilijua atawafukuza, na nilijua atanitazama mimi kama msaliti, kwamba nimemzika mwanawe nyuma ya mgongo wake. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama; akatazama kuta, akatazama majamvi, akanitazama na masizi yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu," Koleta akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kaeni," Mama akasema. "Msiondoke. Magharibi ikiisha mtamwona."

Wakakaa! Sidhani kama kuna aliyeelewa, ila hakuna anayeondoka msibani akiambiwa akae. Mvua ikaanza kupiga bati. Baada ya sala Selemani akafunga madirisha, joto likawa la tanuri, na mashine ikawaka.

Safari hii picha haikuwa pengine popote. Ilikuwa shukani tu. Kaniki zilinywa mwanga wote, dari likanywa, majamvi yakanywa, chumba kikawa shimo jeusi na ndani yake stesheni ya Tabora mchana kweupe. Nikaona vifungo vya makoti. Nikaona jasho. Nikaona mwanamke pembeni anauza ndizi, na kila askari aliyepita alikuwa na uso wake kamili, macho, meno, ndevu. Nilimtafuta Mussa uso kwa uso mpaka mkanda ukaisha, na sikumwona.

"Tena," Mama akasema.

Selemani akasema mkanda utakatika. "Tena."

Mara ya pili Mama hakukaa. Alipofika askari fulani mrefu anayegeuka kucheka na mwenzake, Mama akaenda moja kwa moja kwenye shuka, kivuli chake kikaingia pichani, akaweka kidole.

"Huyu hapa. Mwanangu huyu."

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa na kimo cha Mussa na mabega ya Mussa. Lakini Mussa alikuwa na kovu la kuungua, shavu zima la kushoto, tangu alipokuwa anatambaa. Mtu yule aligeuza shavu la kushoto kwetu sote, karibu kabisa, kwenye mwanga mkali, na lilikuwa shavu safi. Mara ile ya kwanza, katika mng'ao wote ule, nisingejua. Leo nilijua.

Mama akageuka kutuangalia tuliokuwa gizani. Alikaa hivyo kidogo, kisha akasema, "Mwanangu amekwenda. Selemani, zima. Leteni ubani, na mwiteni Shehe."

Ukumbi ukalipuka kwa vilio.

11 Januari

Hitima imesomwa. Wamenivua bangili. Nimeingia eda.

14 Januari

Siwezi kula. Je, macho ya Mama yamefifia? Au yangu? Nikisema si yeye, nitamrudisha kwenye kungoja, na mimi pamoja naye. Nikinyamaza, tumemlilia Mussa juu ya uso wa mtoto wa watu. Selemani nilimwuliza, akasema yeye alikuwa anashika mashine isiwake moto, hakutazama. Anaweza kuwa anasema kweli. Kwa nini watu wote wa nyumba hii hawaniambii kitu kilichonyooka?

20 Januari

Mama ananiletea chai mwenyewe asubuhi. Yeye, ananiletea mimi chai! Leo alinichana nywele. Mkono wake ni mwepesi, sikuwahi kujua.

2 Februari

Mvua. Kaniki zimerudishwa kwa wenyewe. Dari limebaki jeusi.

19 Februari

Selemani ameambiwa barabara ya Urambo inapitika. Shangazi yake Shomari alileta asali, akasema ni ya wafiwa tu. Mama akapokea, akasema, "Mwambie aliyeituma tumeshukuru." Alisema aliyeituma. Nikainama kwenye uzi wangu kwa aibu.

8 Machi

Leo nimeshindwa. Tulikuwa tunachambua mchele wawili, Selemani yuko safarini, nyumba kimya. Nikasema, "Mama, nisamehe. Yule wa kwenye picha, shavu lake..."

Hakuacha kuchambua. "Shavu lake lilikuwa zima," akasema. "Najua. Mussa aliungua kwa uji niliokuwa nimeupika mimi, utaniambia mimi habari za shavu?"

Ungo ulinitoka mkononi. Nikamwuliza kama alijua pale pale. Akasema alijua usiku ule ule, tangu mkanda ulipopita mara ya kwanza kwenye kaniki. Mussa hakuwemo pale. Yule ni mtoto wa mtu mwingine, Mungu amrehemu au amtunze, popote alipo.

"Sasa kwa nini, Mama? Kwa nini ulisema ni yeye?"

Alitoa kijiwe mchelini, akakitupa. "Nilipogeuka," akasema, "hakukuwa na kinachong'aa humu ndani tena. Mmeondoa vyote. Mwanga wote wa shukani ulikuwa unakupiga wewe usoni. Nikakuona. Miaka yote nakaa nawe meza moja na sijakutazama, natazama mlango. Umekuwa mtu mzima, Tatu. Una mvi hapa." Akanigusa juu ya sikio.

Nilikuwa nalia, sijui nalilia nini. Nikamwambia basi hata yeye apumzike, aache kungoja, tumeshamsomea.

"Wewe ndiye uliyemsomea," Mama mkwe akasema, akavuta ungo wangu karibu na wake. "Eda ikiisha mjibu yule seremala. Mimi ni mama yake Mussa, nitamngoja mwenyewe."